Kahawa ya fungo: mdogo wangu usitume hiyo hela, nisome kwanza

Usitume. Kama ushatuma acha kusoma hapa, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako uombe muamala urudishwe, ukimaliza ndio urudi tuongee.

Naona wadau wa hili jukwaa wameanza kukujibu kwa upole, mara "ladha ni ya mtu", mara "jaribu mkuu, maisha yenyewe mafupi". Hao hawajalipa. Mi nimelipa, tena kwa hela ya shamba, kwahiyo mtanivumilia nikirefusha. Umesema uko Nachingwea, umeuza korosho, malipo ya mnada yameingia, na kuna mtu kwenye grupu la WhatsApp anakupa robo kilo ya kahawa ya fungo kutoka Indonesia, ile ya punje zinazookotwa kwenye kinyesi cha fungo, yule mnyama wa usiku, kwa laki tano, eti bei ya ndugu. Unauliza kama inafaa kuonja, inapikwaje, ni halali au haramu, na kama hawa fungo wetu wa porini tunaweza kuwafuga na sisi tukatoboa. Maswali manne. Nitayajibu yote, tulia.

Kwanza shika hili, mengine hata ukisahau sawa: hutoi shilingi mpaka umeonja vikombe vitatu bila kujua kipi ni kipi, vimepangwa na mtu ambaye sio muuzaji, na kimoja kiwe kahawa ya kawaida tu ya Mbinga, kule Ruvuma. Ukikitambua cha fungo, na ukakipenda kuliko vingine, lipa, hela ni yako. Usipokitambua basi hiyo laki tano unanunulia maneno.

Na sisemi kuonja tu. Kuonja hata mi nilionja! Ndio maana naandika.

Ilikuwa msimu ule bei ya korosho ilipopita elfu nne kwa kilo, watu wa Newala na Tandahimba mnaukumbuka, kila mtu alikuwa tajiri kwa wiki kadhaa. Mi nina shamba la urithi kule juu ila naishi Mtwara mjini, nina kiduka changu Chikongola, hela ikaingia nikalipa madeni, nikatenga fungu la palizi na kupulizia mikorosho, na kichwani nikawa natafuta fursa. Ukiwa na hela na unatafuta fursa, fursa inakunusa kabla hujainusa. Akatokea jamaa mmoja, simtaji, anavaa vizuri, anaongea taratibu, anajua kukuita "kaka" kwa namna ambayo unajisikia kweli we ni kaka wa mtu. Akanialika hotelini kule Shangani, hapahapa Mtwara, tumekaa tunatazama bahari, akaagiza maji ya moto, akatoa kiboksi cheusi chenye maandishi ya dhahabu.

Sasa sikiliza alivyofanya, maana huyo wa kwako atafanya hivyohivyo. Kahawa hakunimiminia. Alianza hadithi. Akaniambia Waholanzi walipoitawala Java na Sumatra, visiwa vya Indonesia, walilimisha wenyeji kahawa halafu wakawakataza kuichuma kwa ajili yao wenyewe, wenyeji wakagundua kuna mnyama anakula yale matunda mekundu usiku na punje zinatoka nzima kwenye kinyesi chake, wakaziokota, wakaosha, wakakausha, wakakoboa ganda, wakakaanga, kumbe tamu, na Waholanzi wenyewe wakaanza kuitafuta. Hadithi nzuri, na ndio inayosimuliwa dunia nzima. Akaniambia tumboni mwa fungo vimeng'enya vya kusaga chakula vinavunjavunja protini za punje, ndio maana uchungu unapungua. Na hilo lina chembe ya ukweli, kuna mtafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph kule Kanada, Massimo Marcone, alilipima mwaka 2004 akakuta kweli protini zimepungua. Akanionyesha kwenye simu bei za Ulaya, dola mia kwa kilo, nyingine inayosemekana ya porini inapita dola elfu. Hapo nimekaa karibu saa nzima, koo limekauka, bei ninaijua, historia ninaijua, sayansi ninaijua, ndio akamimina kikombe kidogo kama cha mdoli na kunitazama usoni.

Ungekuwa we ungesema mbaya?

Mi nilisema subhanallah. Nikasikia chokoleti, nikasikia karameli, nikasikia udongo wa mvua, vitu ambavyo sijawahi kuvisikia kwenye kahawa maisha yangu yote na sijavisikia tena mpaka leo. Nikanunua gramu mia palepale kwa laki mbili na nusu. Hiyo sio hasara ninayoililia, hiyo ningesema nimekunywa starehe yangu yakaisha, kuna watu wanamaliza zaidi ya hapo kwa usiku mmoja pale Magomeni na hawaandiki uzi.

Hasara ni iliyofuata. Jamaa akanipigia baada ya siku chache, "kaka, nimeona una macho ya biashara, nakupa uwakala wa Kusini, Mtwara na Lindi zote, chukua kilo mbili nakufanyia milioni moja na laki nane kwa kilo". Nikakaa na kikokotoo. Kikombe kimoja gramu kumi, kilo mbili vikombe mia mbili, nikiuza kikombe elfu thelathini ni milioni sita, natoa milioni tatu na laki sita, faida milioni mbili na laki nne, na watu wa makampuni ya gesi wapo, wazungu wa Mikindani na Msimbati wapo, nani anashindwa elfu thelathini? Hesabu ilikaa sawa kabisa, kosa lake lilikuwa moja tu, haikuwa na mnywaji ndani yake. Nikachukua ile hela ya palizi na kupulizia, yote, nikaongezea na ya dukani, nikatuma. Mama watoto aliniuliza swali moja, "na shamba?" Nikamjibu kwa kifua, shamba tutalipulizia kwa faida.

Waliofuga kware humu wakitafuta utajiri wasinicheke. Wa sungura pia. Tunajuana.

Mzigo ukaja kwa basi, vimfuko vya kung'aa, imesagwa tayari. Nilimuuliza, mbona imesagwa, akaniambia wameisaga kulinda ubora. Mdogo wangu, kahawa ikishasagwa harufu inaikimbia haraka kuliko ikiwa punje, ndio maana watu wanaoijua wanasaga siku ya kunywa. Na kwenye mfuko kulikuwa na picha ya fungo, cheti chenye mhuri, bendera ya Indonesia, kila kitu isipokuwa tarehe ya kukaangwa. Ndani yake kungekuwa na chochote. Ni mbuzi kwenye gunia, tena gunia lenye nakshi. Na ule mhuri wa cheti, nenda steshenari yoyote hapo mjini na elfu mbili yako wakutolee wa kwako.

Kuuza sasa. Wazungu wa kwanza niliowapata, mume na mke, nikawaeleza kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, yule mama akabadilika uso akaniuliza mnyama anaishi kwenye tundu au porini. Nikamjibu porini, si ndivyo nilivyoambiwa? Akanishushia somo ambalo jamaa wa Shangani alisahau kunipa. Kwamba BBC walienda Sumatra mwaka 2013 wakijifanya wanunuzi, wakakuta fungo wamefungiwa kwenye vitundu na kahawa yao inauzwa kama ya porini. Kwamba Muingereza aliyeipeleka kwao mara ya kwanza mwaka 1991, Tony Wild, kilo moja tu, baadaye ndiye huyohuyo aliyeanzisha kampeni watu waache kuinunua, maana alichokianzisha kimegeuka mateso ya wanyama. Baadaye nikasoma mwenyewe kwamba mwaka 2016 kulitoka utafiti wa mashamba 16 ya Bali, hukohuko Indonesia, yanayofuga fungo kwa ajili ya watalii na hakuna hata moja lililofaulu mambo ya msingi ya kumtunza mnyama, fungo wengine wanakanyaga waya mtupu mchana kutwa na chakula ni kahawa kahawa kahawa.

Na hapo ndio ukae ufikirie. Sifa yote ya hii kitu ni kwamba fungo anazunguka usiku anachagua tunda lililoiva vizuri kuliko yote. Sawa, huyo wa porini. Huyo aliyeko kwenye tundu anachagua nini? Anapewa ndoo. Anakula alichowekewa, kibichi, kimeoza, robusta, ile aina ya kahawa ya bei rahisi, tena ya daraja la mwisho, vyovyote. Na fungo hawezi kuigeuza robusta ikawa arabika, ile aina inayosifiwa kwa ladha, hana huo uwezo, kinachoingia kibovu kinatoka kibovu, tofauti kimepita njia ndefu.

Yule mama hakunywa. Mume wake alikunywa kwa huruma, akalipa, akaacha nusu.

Nikaenda kwa mzee wetu wa kahawa, yule anayekaa barazani jioni na dele lake na kashata. Nikamwamkia, nikamwambia mzee leo nakunywesha mimi, hii kikombe kimoja ni elfu thelathini. Akanitazama kama anayesikiliza mgonjwa. Akapuliza, akanywa kidogo, akatulia, nikajua sasa mzee anatafuta maneno. Akaniambia, "Baba, tangawizi huna?"

Hapo moyo ulishuka lakini kichwa kikakataa, nikasema mzee kazoea kahawa chungu ya mia mbili, atajua wapi. Hili ndilo jibu nililopewa na jamaa pia nilipompigia kulalamika, aliniambia bila aibu, "kaka, ulimi wa watu wa huko haujazoea vitu vya daraja la juu". Watu wa huko! Mtu anakula hela ya korosho za watu wa huko halafu anawatukana ulimi. Na nilichokuja kugundua ni kwamba wale watu wa kwenye grupu lake waliokuwa wanaandika "nimekunywa wiki, presha imeshuka", "mzee wangu sasa anatembea", wawili kati yao walikuwa na uandishi uleule, makosa yaleyale ya herufi, yaani jamaa alikuwa anajisifia mwenyewe kwa laini tatu na mimi nampigia makofi.

Aliyeniokoa ni mpwa wangu, kijana anayesafiri na malori ya njia ya Songea. Alirudi na kahawa ya Mbinga, arabika ya milimani kwa Wamatengo, imekaangwa wiki hiyohiyo, robo yake hata elfu kumi haikufika. Akasema mjomba kwa nini usijaribu bila kuona. Mama watoto akadaka hapohapo, alikuwa anaisubiri hii siku. Akatufukuza jikoni, akapika zote tatu, ya fungo, ya Mbinga, na ya kwa mzee aliyoituma mtoto akainunue ikiwa bado haijatiwa tangawizi, vikombe vya aina moja, chini ya kila kimoja kabandika karatasi. Mi nikaonja cha kwanza nikatikisa kichwa. Cha pili nikafumba macho. Nikasema kwa sauti, mbele ya mpwa wangu na watoto na jirani aliyekuwa amekuja kuazima nyundo, "Mnaona? Hii hapa! Chokoleti hiyo, karameli hiyo, mtu aniambie hii sio ya fungo!"

Ilikuwa ya Mbinga. Ya fungo nilikuwa nimeikataa kwenye kikombe cha kwanza, nilisema imekaa kama maji yaliyooshea sufuria. Jirani hakuazima tena ile nyundo, alikwenda moja kwa moja kusimulia.

Na sisemi kila kahawa ya fungo duniani ni utapeli, ya kweli ipo. Wanaoijua wanasema inakuwa laini, haina ukali, mwili mzito kidogo, na wataalamu wengi wa kahawa wanasema hata ikiwa ya kweli watu wananunua hadithi zaidi kuliko ladha. Tatizo ni kwamba we na mimi kwa macho hatuwezi kuijua. Mwaka 2013 watafiti wa Indonesia na Japani walitoa njia ya kuitambua kwa kupima asidi zilizomo, ya sitriki na wenzake, lakini hiyo ni maabara yenye mashine, sio mfuko na picha ya mnyama. Vietnam kuna kampuni zinatengeneza za kuigiza kwa vimeng'enya, fungo hajaiona hata kwa mbali. Wengine wanachanganya kidogo ya kweli na nyingi ya kawaida. Kwahiyo kilichobaki mikononi mwako ni ulimi wako, na ulimi ukishaambiwa bei unasema uongo, umeona wangu. Ndio maana nakwambia vikombe vitatu, karatasi chini, mtu mwingine apange. Mwambie huyo muuzaji wako akutumie gramu ishirini za jaribio ulipie hizo tu, zikiwa punje, na tarehe ya kukaangwa imeandikwa. Utaona atakavyoanza kuwa bize.

Shamba mnataka kujua? Halikupaliliwa kwa wakati, halikupuliziwa, ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, ukaingia kwenye maua, tulichovuna mwaka uliofuata sitaki kukiandika hapa kwa sababu mama watoto anasoma hili jukwaa. Hiyo ndio bei halisi ya kile kikombe cha Shangani. Milioni tatu na laki sita ni ile inayoonekana kwenye meseji za muamala.

Kuhusu halali, hilo nilishaulizwa na mama mkwe kabla yenu nyote, alikataa hata kikombe kioshwe pamoja na vyake. Baraza la Ulamaa la Indonesia walilitolea fatwa mwaka 2010, wakasema punje ikiwa bado nzima na ikaoshwa vizuri ikatoka najisi yake, inanywewa. Mama mkwe nilimsomea. Akasema hao wa Indonesia wanywe. Kwahiyo we muulize shehe wako, mi sio wa kukupa fatwa.

Na la kufuga fungo wetu, achana nalo kabisa, tena hapa ndio nakuona unavyokaribia shimo kubwa kuliko langu. Kwanza yule wa Asia ni mnyama mwingine, mdogo, anapanda miti, uzito wake kilo chache. Wetu ni mkubwa, anatembea chini, na anayemfahamu fungo wa Nachingwea anamfahamu kwa habari za banda la kuku, sio za kahawa. Nimesikia watu wanataja zabadi, yale mafuta ya fungo yenye harufu, ndio, Waethiopia wanawafuga kwa ajili ya zabadi ya manukato tangu zamani, lakini hiyo ni habari nyingine na mateso yake mengine. Pili, ni mnyama pori, kumkamata bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, utaenda kueleza mambo ya kahawa mbele ya hakimu. Tatu, utamlisha kahawa gani Nachingwea? Arabika inataka milima na baridi, kwenu kuna korosho na ufuta. Utampa mabibo, matunda ya mkorosho? Atakupa nini, uraka, pombe ya mabibo?

Pulizia mikorosho yako. Hiyo laki tano ina kazi nyingi shambani.

Mimi bado ninayo kama kilo moja na kitu. Mama watoto ameweka mfuko mmoja kwenye friji unakata harufu ya samaki, na kwa hilo lazima niseme ukweli, inafanya kazi vizuri sana. Ukitaka uijue hiyo ladha inayouzwa laki tano niandikie PM, nakutumia gramu mia bure kwa basi la Nachingwea, na robo ya Mbinga uilinganishe. Nauli ya parseli juu yako, mi nimeshatoa vya kutosha.